Gesi ya CNG kwenye Toyota IST: inamlipa nani?

CNG ni gesi asilia iliyogandamizwa, inayotumika badala ya petroli. Jibu langu ni fupi: kwa teksi ya Dar inalipa, kwa gari la kwenda sokoni na kurudi hailipi.

Hesabu yenyewe iko hivi. IST ya lita 1.5 kwenye foleni za mjini inakwenda kama kilomita 10 kwa lita ya petroli. Kilo moja ya gesi inakaribia lita moja na nusu ya petroli kwa nguvu, kwa hiyo kilomita 100 zinakula kilo 7 hivi. Tuseme kilo ni shilingi 1,550 na lita ya petroli kama 2,900: siku ya kilomita 100 unaokoa takriban shilingi 18,000. Kufunga mfumo kwa milioni mbili kunarudi ndani ya miezi minne. Ukiendesha kilomita 20 kwa siku, hesabu inavuka mwaka na nusu, tena hapo sijaweka petroli ambayo bado utaichoma.

Maana gari linawaka kwa petroli kwanza. Rejuleta, kifaa kinachopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye injini, inapashwa joto na maji ya injini, na kompyuta ya gesi haihamii kwenye gesi mpaka maji yafike kama nyuzi 40. Safari ya dakika tano inaisha karibu yote kwa petroli. Maji yakipungua kwenye rejeta, rejuleta inaganda kwa baridi ya gesi inayotanuka, gesi inakatika na gari linaweza kuzima katikati ya barabara. Kwa hiyo kagua maji kabla ya kumlaumu fundi.

Mtungi wa chuma wa lita 60 unabeba kama kilo 10 ukijaa kwa presha ya baa 200. Unakula buti, na uzito wake unalaza springi za nyuma. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kituo chenye msongamano presha inashuka, pampu inakata kwenye baa 150, na unaondoka na robo pungufu. Tazama geji ya mtungi, si risiti peke yake.

Nguvu inapungua kidogo, utaisikia mlimani na AC ikiwa imewashwa. Gari likianza kumisi (silinda kukosa kuwaka) baada ya kufunga, usikimbilie kubadilisha nozeli. Gesi inahitaji cheche kali kuliko petroli, hivyo koili na plagi zilizochoka zinajionyesha hapo. Weka plagi mpya, punguza mwanya kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, kisha fundi aseti upya kwa laptop gari likiwa linatembea, si limesimama tu gereji.

Filta ya gesi badilisha kila kilomita 15,000 hivi. Viungio vya bomba vipimwe kwa povu la sabuni, kila kimoja: povu likipanda, hapo panavuja, kaza au badilisha. Na usiendeshe tangi la petroli likiwa tupu, hata kama unatumia gesi siku nzima. Kwenye mifumo mingi pampu ya petroli iliyo ndani ya tangi inaendelea kuzunguka, na petroli ndiyo inayoipoza. Pampu ikiungua unakuwa umerudisha sehemu ya ulichookoa. Robo tangi inatosha.

Ukinunua gari lililokwisha fungwa gesi, soma tarehe iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi na uombe cheti cha ukaguzi. Hakuna cheti, punguza bei kwa thamani ya mtungi mpya.