Mashine ya kukaushia ya trei tano: hiyo ya tano ni ya nini?

Kamweneee! Hiyo ni ya watu wangu wa Iringa na Njombe. Wa Tukuyu msinune, yenu ni ndaga fijo, asanteni sana, kwa sababu yule mama aliyenitumia mkungu wa ndizi kwa basi umefika salama na nusu yake tumeshaumaliza. Niko jikoni kwangu hapa Mbeya, mvua inapiga bati kama mnavyoisikia, na simu anashika mdogo wangu, kwa hiyo picha ikitikisika mnajua wa kumlaumu.

Haya. Kitu chenyewe hiki hapa. Mmenisumbua nacho kwenye komenti tangu mwezi uliopita: "Dada, ile mashine ya kukaushia matunda ni kweli au ni mapambo?" Imekuja. Nina wiki tano nayo. Hapo mbele kwenye jina nimebandika soletepu, maana sijalipwa na mtu na sitaki ugomvi na mtu. Sifa zake za kawaida mnazijua, zimejaa huko mtandaoni: wati 350, kitufe cha joto cha kuzungusha, trei tano za duara zinapandana kama mahotpoti ya kwenye harusi. Sitawamalizia bando kwa hayo. Nimenunua 165,000 kwa muuzaji wa Dar, na elfu kumi ya mzigo kwenye basi.

Mimi nataka tuongelee trei ya tano. Tuongelee trei ya tano mpaka nipate amani.

Dogo, sogea. Sogea bwana, haing'ati. Piga hapa chini. Mnaiona? Feni iko hapa kwenye kitako, na koili ya kupasha joto iko hapo hapo. Hewa ya moto inatoka chini, inapanda trei ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka inatokea kwenye matundu ya mfuniko huku juu. Boksi lake wameandika kwamba hewa inafika kila trei sawasawa, huhitaji kugusa kitu, wewe lala tu. Wewe lala tu! Shikeni hayo maneno.

Sasa angalieni. Asubuhi saa mbili nimekata nyanya kilo mbili. Nimezitoa Sokomatola, muuzaji kaniapia ni za Ilula, na mimi nimemwamini kwa sababu ni zile ndefu zenye nyama. Nyanya za kukausha ziwe za nyama, zile za maji maji utakausha mbegu na maganda. Nimekata vipande vya unene wa nusu sentimita, wote mmoja, nikagawa kwa mizani gramu 400 kila trei. Joto nimeweka 60. Sasa hivi ni saa sita, masaa manne kamili. Sijagusa kitu. Nimelala tu, kama walivyosema.

Trei ya chini kabisa, tunaweka kwenye mizani… gramu 95. Hii hapa, shika kipande. Kimekunjamana, ukikivuta kinakuja kama mkanda wa ngozi. Safi. Siwaonei, kazi nzuri.

Trei ya juu… ngoja namba itulie… gramu 260. Mia mbili sitini! Dogo, leta kamera karibu na kidole changu. Naminya. Mnaona hayo maji? Hiyo ni nyanya ya kachumbari, hiyo! Masaa manne ndani ya mashine na bado naweza kuitengenezea kachumbari ya pilau. Na mashine ni ile ile, joto lile lile, muda ule ule.

Nikatia kipima joto cha jikoni, kile cha kupimia nyama. Kitufe kinasema 60. Trei ya chini inasoma 61, haya. Trei ya juu, 43. Ndiyo maana yake hiyo. Hewa ikitoka chini ni ya moto na ni kavu, ina njaa ya maji. Inapita trei ya kwanza inakunywa, ya pili inakunywa, ikifika ya tano imeshapoa na imeshashiba. Ni sawa na kumpa mtu dekio lililolowa chepechepe ukamwambia akafute sakafu ya tano. Atafuta nini? Atapaka maji tu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tukuyu wiki iliyopita, akakaa hapo kwenye kigoda akaitazama kama robo saa hivi, hasemi. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo umenunua feni ya kupepea nyanya?" Nikamwambia mama, subiri zikauke. Akasema, "Za juu au za chini?" Yeye ndani ya robo saa ameona kitu ambacho mimi kilinichukua wiki mbili.

Dawa yake ni nini? Dawa ni kuzungusha. Kila baada ya masaa mawili unatoa ya chini unaipandisha juu, zote zinashuka ngazi moja. Dogo piga nikifanya. Hivi… hivi… na hivi. Sekunde ishirini, si kazi. Lakini nyanya zinataka masaa kumi mpaka kumi na mbili. Ukianza jioni ukitegemea ulale, saa nane usiku uko jikoni na kanga kama una mtoto mchanga. Zipo zile za sanduku, feni iko mgongoni, trei zinaingia kama za oveni na hewa inapita pembeni kwenye kila moja. Hizo hazina huu ugonjwa. Nilizitazama, nikatazama bei, ni zaidi ya mara mbili ya hii, nikafunga simu nikaenda kupika.

Nilijaribu ujanja mwingine: mboga za majani juu, matunda chini, maana majani yanataka joto dogo. Mnafu ukakauka vizuri mno. Nikanogewa, siku ya pili nikaweka maembe chini na vitunguu juu, halafu nikawa nazungusha trei kama kawaida. Jamani. Mtoto wangu alikula embe akaniangalia, akasema mama, hili embe limepikwa na nyama? Usichanganye vitunguu na kitu chochote unachokipenda.

Na kingine, hiki kosa langu mwenyewe. Kitufe kinafika 70. Sasa binadamu ukiona 70 unawaza, si itawahi kukauka? Nikaweka maembe 70. Nje yakawa magumu mazuri, nikajisifu, nikajaza chupa. Baada ya siku tisa ukungu umeota ndani kama zulia. Joto likizidi, ngozi ya juu inakauka haraka inajifunga, maji ya ndani hayana pa kutokea. Unaona pakavu kumbe ndani kuna chemchemi. Kwa hiyo matunda na nyanya, wekeni 60 au chini kidogo, muwe na subira. Na kabla hujaweka kabatini, jaza chupa ya kioo robo tatu, funga, itikise kila siku kwa wiki nzima. Ukiona jasho kwenye kioo, rudisha kwenye mashine siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Mboga za majani na karoti, chovya kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, halafu maji ya baridi, ndipo ukaushe. Bibi yangu alikuwa anachemsha majani ya kunde kabla ya kuyaanika kwenye ungo, mimi nikidhani ni mazoea ya kizamani. Kumbe ndiyo inayozuia mboga isiendelee kujiharibu rangi na ladha ikiwa kabatini. Ila sisi wa huku juu tuongeze kidogo muda. Mbeya tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki mia kama ya Dar. Ndiyo maana maharage yetu nayo yana kiburi.

Umeme. Najua mnasubiri umeme. Wati 350 kwa masaa kumi na mbili, ikiwaka mfululizo, ni uniti nne na kidogo. Kwa sisi tunaopata uniti 2.8 kwa elfu moja, hapo ni kama 1,500 kila mzunguko. Na mzunguko mmoja wa nyanya kilo mbili unakupa gramu 120, 130, basi, maana nyanya ni maji asilimia tisini na nne. Kikopo kimoja hiki. Lakini wewe uliye kwenye zile uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, piga hesabu vizuri kabla hujanunua. Mizunguko kumi na saba au kumi na nane ya mashine hii peke yake inazila zote, hujawasha taa, hujachaji simu. Na ukivuka 75 bei inabadilika. Hili wauzaji hawalisemi.

Kwa hesabu hiyo wiki ya tatu nilishaamua video hii iwe ya kuwaambia msinunue. Nilishaandika hadi kichwa cha habari. Maana nje pale nina kaushio la jua, dogo wapeleke dirishani… hilo hapo, sanduku la mbao, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu nailoni nzito, matundu chini na juu yamewekwa wavu wa mbu. Fundi wa Ilomba alinitengenezea kwa elfu sabini. Umeme sifuri. Kuanzia Juni mpaka Oktoba huku kwetu hewa ni kavu na upepo upo, nyanya siku mbili tatu zimekauka bila mimi kuamka usiku. Na usianike mboga juani wazi wazi kwenye bati, achilia mbali vumbi na kuku, mwanga wa jua wenyewe unaharibu vitamini A ya kwenye majani. Ndani ya sanduku tandika kitambaa cheusi juu ya mboga.

Sasa kilichonibadilisha ni tarehe. Maembe ya Kyela yanafika lini sokoni? Novemba, Desemba, Januari. Mvua huku kwetu inaanza lini? Novemba. Yaani tunda linakuja mlangoni kwa bei ya kutupwa siku ile ile jua linapofunga mlango. Mwaka jana nilianika maembe kwenye lile sanduku mwezi wa kumi na mbili, siku ya nne yananuka pombe. Ndugu zangu wa Rungwe ndio msiseme, kule mvua inanyesha karibu mwaka mzima.

Alhamisi hii mvua haikukata tangu alfajiri, nilikuwa na ndoo nzima ya maembe. Ndani ya siku tatu, nikizungusha trei, nikiamka na kanga yangu, yote yameingia kwenye chupa. Hizi hapa. Rangi iangalieni. Kabla ya kukausha niliyapitisha kwenye maji ya limao ndiyo maana hayajawa meusi. Nakunja kipande… hakivunjiki, hakinati, na nikikichana hakitoi hata tone. Hivyo ndivyo embe linavyotakiwa. Mnafu ni tofauti, mnafu lazima ulie. Sikilizeni, naweka karibu na simu. Umesikia huo mlio? Kama majani ya chai.

Kwa hiyo siirudishi. Sikusema ni nzuri, jamani, msije mkanikata kipande mkakipeleka kwenye magrupu. Trei ya tano bado ni matusi. Mimi sasa natumia trei tatu tu, nazungusha mara mbili, na zile mbili za juu dogo anawekea mayai. Kama kwenu kuna jua miezi yote, mpe fundi mbao na nailoni, pesa iliyobaki nunua maembe.

Haraka haraka: mtu ameuliza parachichi. Hapana. Najua Rungwe na Njombe zimejaa, najua zinaoza, lakini parachichi lina mafuta mengi na mafuta hayaondoki na hewa ya moto, utapata kitu kichungu chenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Ile video ya jiko imechelewa kwa sababu maikrofoni imekufa, mtanisamehe. Ijayo ni uyoga wa porini, mama mmoja wa Mafinga ameniahidi. Na tumefika elfu kumi kwenye chaneli, asanteni sana, ambaye hujasabskraibu unafanya nini hapa tangu mwanzo?

Dogo, hiyo saa inasemaje? Saa nane? Weka simu hapo mezani, njoo unishikie trei ya chini, ina moto.