TAHADHARI: "Redio za dijitali" zinazouzwa kwa kuwatisha watu kuwa FM inazimwa

Wakuu, wapo wauzaji wanaopitisha redio mitaani, na wengine wana maduka kabisa, wanaowala watu kwa maneno mawili. La kwanza ni kwamba FM ya analojia inazimwa kama ilivyozimwa TV, na redio uliyonayo itabaki pambo la kabatini. La pili ni kwamba mawimbi ya dijitali yanafika mbali zaidi, kwa hiyo hata ukiwa kijijini nyuma ya mlima utasikia stesheni za Dar kana kwamba uko Posta. Yote ni uongo, na hili la pili ndilo linalowaliza ndugu zetu wa mikoani.

La kwanza linaaminika kwa sababu limebeba kipande cha ukweli. TV ilihama kweli: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa Desemba 2012, tukakimbizana na ving'amuzi. FM haikuguswa. Stesheni unazozipata kati ya 87.5 na 108 bado zinarushwa kwa analojia, na redio ya babu inazishika kama kawaida. Wa kwanza kuondoa redio zao za kitaifa kwenye FM ni Norway, mwaka 2017, wakahamia DAB, yaani mfumo wa redio ya dijitali unaotumika Ulaya. Hata huko stesheni nyingi ndogo za mitaa zilibaki kwenye FM.

Tuje kwenye umbali. Baadhi ya redio hizi ni mitumba ya Ulaya yenye maandishi ya DAB. DAB haimo kabisa kwenye masafa ya FM, iko juu huko kuanzia megahezi 174. Kama hakuna mnara unaoirusha karibu nawe, itatafuta mpaka betri iishe. Nyingine zina stika ya HD Radio, mfumo wa Marekani ambao dijitali inapachikwa pembeni mwa stesheni ileile ya FM. Mwanzoni dijitali hiyo iliruhusiwa asilimia 1 tu ya nguvu ya analojia, na mwaka 2010 ikaruhusiwa kupanda hadi asilimia 10. Ndiyo maana gari likitoka mbali na mji, dijitali inakatika kwanza na redio inarudi yenyewe kwenye analojia. Muuzaji anakwambia kinyume chake, tena kwa kujiamini!

Pembezoni mwa eneo la stesheni, analojia huanza mikwaruzo lakini taarifa ya habari bado unaielewa. Dijitali husikika safi, halafu ghafla kimya.

Nyingi ya hizo "dijitali" wala si DAB wala HD. Ni FM ileile iliyowekewa kioo cha namba badala ya mshale. Si redio mbaya, na kutafuta stesheni ni rahisi zaidi, ila kioo hakisogezi mnara. FM huenda karibu moja kwa moja kama macho yanavyoona, kwa hiyo ukiwa nyuma ya Uluguru dawa ni kuinua antena, au kutafuta stesheni yenye mnara upande wako.

Wenye magari ya Japani nanyi mnapigwa. Redio zake nyingi zinaishia 90 au 95, kwa sababu FM ya kwao inaanzia 76. Mtu anakuuzia "kifaa cha dijitali" kwa bei ya kuruka, kumbe ni kile kidude cha kushusha masafa ambacho fundi yeyote wa redio za magari anakijua. Ukikifunga, namba za kwenye kioo hazitalingana na zile zinazotangazwa na stesheni.

Kabla hujatoa hela, mwambie aiwashe hapohapo upande huo wa dijitali na akutajie stesheni moja inayosikika. Akihamia FM ili "akuonyeshe tu sauti", ondoka. Ukishainunua, usiitupe. Iweke FM, vuta antena yote, uitumie kama redio ya kawaida. Na risiti itunze, maana akikuandikia "dijitali" ilhali haina huo mfumo, una pa kuanzia kudai chako.