Fender Jazzmaster: tamu nyuma ya daraja, korofi juu yake

Gitaa hili lilitoka mwaka 1958 likiwalenga wapiga jazi, lakini walionogewa nalo ni watu wa muziki wa makelele, kina Thurston Moore na Lee Ranaldo wa Sonic Youth, bendi ya roki ya Marekani. Utamu wake uko nyuma ya daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa: nyuzi zimebaki ndefu pale, ukizidonoa zinalia kama kengele. Pitisha bisibisi chini ya nyuzi usawa wa freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), igonge, usikie.

Ugonjwa ni daraja lenyewe. Nyuzi hulipita zikiwa karibu zimelala, kwa hiyo ukichapa kwa nguvu uzi wa sita, ule mnene zaidi, unaruka nje ya kifereji chake, na skrubu ndogo za kimo hulegea kwa mtetemo. Usikimbilie kununua daraja jingine. Funga seti ya nyuzi nene inayoanzia inchi 0.011 au 0.012, weka kipande cha kadi cha nusu milimita kwenye kiungo cha shingo, upande wa daraja, kisha pandisha daraja ili nyuzi zilikandamize zaidi. Skrubu zitie tone la gundi ya kuzuia kulegea, ile isiyo kali.

Pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinavuma ukiwasha distoshoni, ile athari ya kukwaruza sauti. Swichi ikikaa katikati, zote mbili zikifanya kazi, mvumo hupungua sana.