Mbegu za nyanya Brandywine: msimu mmoja uani kwangu, Tabora

Nyanya moja, gramu 540. Niliipima kwenye mizani ya duka la jirani hapa Ipuli, na kila aliyekuwepo akataka kuishika.

Pakiti alinitumia shemeji kutoka Dar. Mbegu 25, zikaota 19. Nilizisia mwanzoni mwa Machi, nikapandikiza katikati ya Aprili mvua zikiaga, nikachuma ya kwanza wiki ya pili ya Julai. Inachelewa, nyanya za jirani za aina ya Tanya zilishaanza kuvunwa zamani. Pakiti pia haisemi kwamba hii ni nyanya ndefu. Majani yake ni kama ya kiazi mviringo, na ilinipita kimo, ikabidi nitafute miti mingine ya kuegemeza.

Lakini utamu wake! Nyama tupu, mbegu chache, sukari na uchachu vimeshikana. Kipande kimoja kinafunika kiganja. Nakikata kinene, kitunguu, chumvi, ndimu, pembeni ya ugali na migebuka ya Kigoma, na sihitaji mboga nyingine. Kwa mchuzi, hapana: ina maji, inachukua muda kukauka. Hapo Tanya inaishinda.

Ngozi yake ni laini mno kwa biashara ya tenga. Na haivumilii umwagiliaji wa kurukaruka. Nilikwenda msibani Nzega siku nne, nyumbani wakaruka siku mbili kisha wakamwaga maji mengi kwa pamoja: nyanya saba zilipasuka mabegani, karibu na kikonyo. Tangu nilipotandaza nyasi kavu chini ya mashina, kupasuka kumepungua sana.

Sasa sikilizeni, wenzangu wa Tabora. Nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, na minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, inawala wote wawili. Miche yangu minne ilinyauka kila mchana hata udongo ukiwa na maji. Kuing'oa, mizizi ina mafundo kama shanga. Pale palikuwa na kitalu cha tumbaku kabla hatujahamia. Mbegu chotara nyingi zina kinga dhidi ya minyoo hiyo, ndiyo ile herufi N kwenye pakiti, Brandywine haina. Tena, aliyeshika tumbaku au sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana batobato ya tumbaku, ugonjwa wa virusi, inaambukiza nyanya pia.

Kinachonifanya niipende kuliko chotara ni mbegu. Hii ni ya asili, inazaa kama mama yake. Nilichagua tunda la shina lenye afya, nikakamua mbegu kwenye glasi, nikaziacha zichachuke siku tatu hadi utando ukaachia, nikaosha, nikaanika kivulini kwenye sahani. Ziko kwenye kichupa kabatini. Machi nitapanda mashina sita tu, upande wa kisimani, ambako tumbaku haikuwahi kufika.