Shangazi yangu "aliharibu picha" Kaole

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya dereva, kwa sababu hapa hapaniruhusu kuweka sifuri.

Ni safari ya siku moja ya Bagamoyo, imeandaliwa na kikundi cha hapahapa Dar ambacho jina lake silitaji. Tuliambiwa tunaondoka Mwenge saa moja asubuhi, tukaondoka saa mbili na nusu. Wali ulikuja umepoa. Foleni ya Tegeta siwezi kumlaumu mtu. Hayo yote nimeshayasamehe, sikuja hapa kwa ajili ya wali.

Nilikwenda na shangazi yangu. Ana miaka sabini na kitu, magoti hayamtaki, na tangu mimi mdogo namsikia akisema kabla hajafa lazima afike kwenye magofu ya Kaole akawasomee Fatiha wale wa kale. Bibi yake ndiye aliyemhadithia habari za kule, wanawake wa pwani walivyokuwa wakienda kuomba dua kwenye yale makaburi. Niliwaeleza waandaaji mapema kabisa kwenye WhatsApp, kwamba nina mtu mzima, atahitaji kama dakika kumi za utulivu. Wakajibu "hamna shida dada".

Kaole penyewe sina neno baya. Ni kilomita kama tano kusini ya mji, na ukishaingia, kelele za barabarani zinakatika. Kuna magofu ya misikiti miwili, ule mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye minara iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwenye minara hiyo wenyewe walipachika vibakuli vya kaure vilivyosafiri kutoka Uchina. Siku hizi utaona vishimo vya duara tu pale vilipokuwa. Baadhi ya vyombo vimehifadhiwa kwenye kijumba cha makumbusho palepale. Bahari iliyoleta majahazi imerudi nyuma, mbele yake imeota mikoko. Shangazi aliviangalia vile vishimo kwa muda mrefu akasema, "Kama mdomo uliong'oka meno." Kisha akaenda kukaa kivulini kando ya kaburi moja, akavuta mtandio, akainua mikono.

Sasa kuna kijana waliyekuja naye kutuongoza. Abiria wenzetu, kundi la mabinti waliovaa fulana za sare kwa ajili ya bethidei ya mmoja wao, walikuwa wakimwita "gaidi" kwa kile Kiingereza cha kwetu. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona jina limepata mwenyewe.

Akaja na simu mkononi, mabinti nyuma yake. "Mama, sogea kidogo, unatuharibia picha."

Shangazi hakujibu, alikuwa katikati ya sura. Yule akarudia, safari hii akipiga makofi mawili, kama anafukuza kuku kwenye mpunga. Wallahi alipiga makofi. Shangazi akamaliza, akasema amina, akajipangusa uso taratibu, ndipo akamgeukia. "Mwanangu, hawa niliowakuta hapa hawana haraka."

Unajua kijana alimjibu nini? "Mama, sisi tuna ratiba."

Ratiba! Mbele ya watu waliolala pale mamia ya miaka! Nikataka kusema, mdomo ukakauka. Aliyesema ni binti mmoja wa zile fulana, tena mwenye bethidei mwenyewe: "Kaka, muache bibi, picha tutapiga kule kwenye mbuyu." Mungu amzidishie umri. Na mzee mmoja wa palepale magofuni, aliyekuwa ameona yote, akamshika Shangazi mkono mpaka kisimani, kile kinachosemwa hakijawahi kukauka, akamtilia maji akanawa uso. Hakuomba hata mia.

Tulivyoondoka hapo tukapelekwa misheni, kwenye ule mnara wa kanisa la kale, na gaidi wetu akatangaza kwamba Livingstone amezikwa hapo. Mwili wake ulilazwa tu pale mwaka 1874, ukavushwa Unguja, ukaenda kuzikwa London! Limeandikwa kila mahali! Najua hili si kosa kubwa. Siku nyingine ningenyamaza. Siku ile nilimsahihisha kwa sauti ambayo mama yangu angenifinya.

Kusema kweli, nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msipande gari lao kamwe. Lakini lazima nikiri, bila wao Shangazi asingefika. Mimi nimeishi Dar miaka yote hii, Bagamoyo ni kilomita sabini na kitu, na sikuwahi kumpeleka. Dereva wao alimshusha na kumpandisha kama anabeba mayai, akamwekea mto mgongoni. Kwa hiyo nikasema basi, niweke nyota tatu, yaishe. Nikawa nimeshaziweka.

Juzi binti yangu ananionyesha simu. Ukurasa wao, tangazo la safari ijayo. Picha iliyowekwa juu kabisa ni mwanamke mwenye mtandio amekaa kando ya kaburi, ameinua mikono, jua limepenya kwenye majani nyuma yake. Ni Shangazi! Yuleyule aliyekuwa anaharibu picha! Hawakumuuliza, hawakuniuliza, na chini yake wameandika "njoo upate utulivu". Utulivu upi, ule wa makofi?

Nikarudi nikafuta zile mbili. Nikawaandikia ujumbe mrefu kwamba waitoe ile picha leo hii, na nikaenda Magomeni kumwonyesha Shangazi ili ajue nimempigania.

Aliishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Nimetoka vizuri," akasema. "Usiwaambie waitoe. Waambie wanisafishie moja kubwa niiweke sebuleni."

Kwa hiyo sijui. Nyota moja inabaki. Ila kama mwenye ukurasa unasoma hapa, ile picha bado tunaisubiri.