Klabu ya Mdahalo au Klabu ya Ufugaji Nyuki?

Mwanachuo anayeanza masomo katika chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani Tabora, aina ya vyuo vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, mara nyingi hana muda wa kutosha kwa klabu mbili.

Klabu ya mdahalo haina gharama: panahitajika ukumbi, mada, mwenyekiti na mtunza muda. Manufaa yake huonekana upesi, kwani aliyekuwa akitetemeka mbele ya wenzake huzoea kujenga hoja na kumsikiliza mpinzani bila kumkatiza. Kasoro yake ni kwamba wasemaji hodari huitawala, na wengine hubaki kupiga makofi.

Klabu ya ufugaji nyuki hudai subira zaidi. Mzinga mtupu hupakwa nta iliyoyeyushwa ili harufu yake ivute kundi, kisha hutundikwa mtini, na huenda miezi ikapita bila nyuki hata mmoja kuingia. Mavuno hufanywa jioni, kwa bomba la moshi na mavazi ya kinga (ambayo, kwa kawaida, hayawatoshi wote), na masega yasiyozibwa huachwa kwa sababu asali yake ina maji mengi na huchacha. Hapa mkimya ana nafasi sawa na msemaji, na misitu ya miombo iko karibu.

Kwa anayetaka kujiajiri Tabora, ningechagua nyuki. Anayewania uongozi wa serikali ya wanachuo aanzie kwenye mdahalo.