Saturation Knob kwenye besi, mi-solo na kwaya: uzoefu wangu

Saturation Knob ni plagini (programu ndogo inayofunguliwa ndani ya programu ya kurekodi) ya kampuni ya Softube. Inaleta saturesheni, yaani mkwaruzo kidogo unaonenepesha sauti, na ni ya bure. Unafungua akaunti ya Softube na ya iLok (huduma inayotunza leseni), basi. Leseni ukiiweka kwenye ordinatere yenyewe, kabla ya kufuta diski irudishe kwanza kwenye akaunti.

Ina kitasa kimoja kikubwa na swichi ya nafasi tatu: Keep High, Neutral, Keep Low. Majina hayo yanachanganya wengi. Keep High inalinda sauti za juu, kwa hiyo kazi inafanyika chini. Keep Low ni kinyume chake.

Nguvu yake iko kwenye besi. Hapa Goma wimbo unasikilizwa zaidi kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa noti ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde). Saturesheni inaiongezea hamoniki, yaani sauti za juu zinazozaliwa nayo: 160, 240, 320 na kuendelea. Zile za juu simu inazitoa, na sikio lenyewe linakisia ile 80 iliyokosekana. Naweka Keep High, natafuta noti iliyopigwa kwa nguvu kuliko zote, nazungusha mpaka ianze kukwaruza, kisha narudi nyuma kidogo.

Shida ni kwamba hakuna kitasa cha kushusha sauti inayotoka. Ukizungusha, sauti inapanda, na sikio likisikia kikubwa linasema ni kitamu. Kwenye programu ya kurekodi ya FL Studio weka Fruity Balance (plagini yake ya kupandisha na kushusha sauti) baada yake, ushushe mpaka ukiizima na kuiwasha ukubwa usibadilike. Mara nyingi nusu ya lile "joto" inayeyuka hapo hapo. Kuchanganya na sauti kavu, yaani ile isiyopitishwa kwenye efekti, pia hakumo ndani yake: kwenye FL tumia kitasa kilicho pembeni ya nafasi ya efekti, kwenye Reaper, programu nyingine ya kurekodi, kile cha juu ya dirisha la efekti.

Tena usinakili kipimo cha wimbo mmoja kupeleka kwenye mwingine. Traki inayofika kwa -6 dB (sauti kubwa) itakwaruza mapema sana kuliko ya -18 (sauti ndogo). Sawazisha kwanza, halafu ndiyo uguse kitasa.

Gitaa la mi-solo (lile la kati ya solo na ritimu) lililochomekwa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti linatoka kavu, kama waya unaogongwa. Neutral, kitasa robo, mchanganyiko nusu kwa nusu: ule mgongeo wa mwanzo wa kila noti unalainika, na gitaa linakaa nyuma ya mwimbaji bila kupotea. Ila kata kwanza chini ya 100 Hz kwa ekwalaiza. Mvumo wa umeme ni 50 Hz. Ukiuingiza kwenye saturesheni unauzalia wenzake wa 100 na 150, na hao hawatoki tena. Mwangwi uje mwisho.

Kwenye kwaya, usiiweke kwenye kundi zima. Sauti mbili zikipita pamoja kwenye saturesheni zinazaa jumla na tofauti yake: 440 na 554 zinaleta 994 na 114, wakati La ya chini ni 110, kwa hiyo hazipatani. Hiyo 114 ndiyo matope unayoyasikia kwenye bafle. Weka kwa soprano peke yake, alto peke yake, tenori peke yake. Kama kwaya nzima ilirekodiwa kwa mikro mbili, mimi siigusi kabisa.